Bima ya Kumwonyesha Trafiki

Tangazo la juma hili linalowataka wenye magari wahakiki maelezo yaliyomo katika hati zao za bima, kabla hawajafikwa na siku ya kudai fidia, mmekwisha kulisikia, na baadhi yenu bila shaka mmelisikia mkiwa ndani ya magari hayo hayo, mmekwama katika foleni ya Ubungo au ya Mwenge. Kwa hiyo hatutalirudia. Linalotutia wasiwasi si tangazo, maana limesema kweli. Linalotutia wasiwasi ni jinsi lilivyopokewa: kwa mguno, kwa kicheko, na kwa lile jibu letu la siku zote, kwamba stika ipo, na trafiki akiuliza ataiona.

Hapo ndipo penye ugonjwa. Wengi wetu hatukati bima kwa ajili ya ajali. Twakata bima kwa ajili ya trafiki. Twaikata siku ile ya zamani inapokwisha, na aghalabu siku kadhaa baadaye, kwa wakala aliye karibu na kituo cha mafuta, tena ile bima ndogo iliyo rahisi kuliko zote, tukitaja namba ya gari na kutoa fedha, basi; na wakala naye huyanakili maelezo ya mwaka uliopita, ambayo nayo yalinakiliwa kutoka ya mwaka juzi, hata hati ikawa ni picha ya gari lililokuwapo zamani, mikononi mwa mtu aliyelimiliki zamani, likifanya kazi liliyokuwa likiifanya zamani. Trafiki hutazama tarehe, huihakiki namba kwenye simu yake, huridhika, akasema safari njema. Lakini trafiki hakuahidi kumlipa mtu hata senti moja.

Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, haikutungwa ili askari apate la kuuliza barabarani. Ilitungwa kwa ajili ya yule ambaye wanasheria humwita mtu wa tatu, yaani mtembea kwa miguu, muuza mihogo wa kandokando ya lami, abiria wa bajaji, ambaye hakuwahi kutia saini hati yoyote wala hajui jina la kampuni iliyolikatia bima gari lililomgonga. Hati yenye kasoro humtaabisha huyo kwanza, akarandaranda na fomu yake ya PF3 na mguu wake wa plasta, ilhali watu wazima wamekaa chini ya feni wakiulizana gari hili hasa ni la nani.

Nisameheni nikitoka kidogo katika kauli ya kituo chetu cha redio nikasema langu. Gari langu liliua injini. Nikanunua injini ya mtumba Ilala, fundi akaifunga, gari likanguruma vizuri kuliko siku niliyolinunua, nami sikumwambia mtu yeyote, kwani nilijua nimebadilisha chuma kwa chuma. Baada ya miezi minane lori likanirudia kinyumenyume, nikapeleka madai yangu kwenye kampuni ambayo sitaitaja, nikiwa na bima kubwa iliyolipiwa yote. Mkadiria hasara akafungua boneti, akapangusa grisi kwa kidole gumba, akaisoma namba ya injini kwa sauti, tarakimu baada ya tarakimu, na mwenzake akawa anaifuata katika nakala ya kadi ya gari kwa ncha ya kalamu; walipofika tarakimu ya tatu, kalamu ikasimama. Hawakunitukana, wala hawakutamka neno wizi. Walifunga boneti taratibu. Miezi mitano nikawa mtu wa kukaa kwenye benchi lao, nikitafuta risiti kwa muuzaji ambaye tangu azaliwe hakuwahi kuandika risiti.

Kosa lilikuwa langu, nakiri. Msingi wa bima ni uaminifu: mwenye mali aseme yote ayajuayo kuhusu mali yake, na kampuni imsadiki. Ila nilipouliza ni wapi nilipoelezwa kwamba sharti nitoe taarifa ya injini, nilifunuliwa ukurasa wa saba, herufi ndogo mithili ya mayai ya chawa, na zote kwa Kiingereza.

Kwa Kiingereza, wasikilizaji! Tumelisema jambo hili katika kipindi hiki mpaka wengine mmetuchoka, na tutalisema tena. Mwaka 2021 Bunge lilibadili sheria, likakifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria za nchi na ya mahakama; hakimu atamhukumu mtu kwa Kiswahili, lakini mkataba uliomfikisha mbele ya hakimu, mara nyingi, bado wazungumza Kiingereza. Wazee watakumbuka kwamba Shirika la Bima la Taifa liliundwa mwaka 1963, na tangu mwaka 1967 biashara ya bima huku Tanzania Bara ikawa na dirisha moja, hata sheria ya mwaka 1996 ilipowafungulia mlango wenye kampuni binafsi. Dirisha lile lilikuwa na foleni zake, hatulililii. Twauliza tu: madirisha yameongezeka, kampuni zashindana kwa bei, zashindana kwa kalenda na kofia, mbona hazishindani kwa kusema na mteja lugha anayoelewa?

Hata hivyo Kiingereza hakimwondolei mtu dhima yake. Mtu akiuza gari kwa karatasi ya wakili na kumwachia mnunuzi kadi yenye jina lake, wote wawili wakaahirisha safari ya Mamlaka ya Mapato mpaka fedha ipatikane, mnunuzi huyo huendesha akidhani stika ya bima ni yake. Si yake. Bima ni mapatano baina ya kampuni na mtu, na mtu huyo amekwisha kuondoka na fedha zake. Vilevile aliyekata bima ya matumizi binafsi, kisha usiku akaingia katika teksi za mtandao ili apate karo ya watoto, amebadilisha kazi ya gari asibadilishe hati; na abiria atakayeumia kiti cha nyuma ndiye atakayekuwa shahidi wa mabadiliko hayo.

Kuna na wale wapunguzao thamani ili walipe kidogo. Gari la shilingi milioni 20 mtu huliandikisha kwa milioni 10, akajipongeza kwa werevu. Likipata hasara ya milioni 6, kampuni yaweza kumwambia, kwa mujibu wa mkataba, kwamba alilikatia bima nusu ya gari, kwa hiyo atalipwa nusu ya hasara, milioni 3, kabla hata ya kukatwa kile kiasi ambacho yeye mwenyewe huchangia. Atakwenda kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, na ni haki yake kwenda, lakini msuluhishi naye huanza kwa kusoma karatasi ile ile. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na daftari la uongo, je?

Basi tusingojee kesho! Leo, ukifika nyumbani, kabla hujavua viatu, fungua droo ya dashibodi, utoe hati ya bima na kadi ya gari, uzilaze juu ya boneti, moja kando ya nyingine. Soma jina. Soma namba ya chesisi, herufi kwa herufi, kisha uinamie gari lenyewe uisome tena. Soma namba ya injini. Soma rangi, kama ulipiga rangi upya. Soma matumizi, soma thamani, soma namba ya simu, isije ikawa ni ile laini uliyoipoteza zamani. Ukikuta tarakimu moja haifanani, usiseme ni jambo dogo: mpigie wakala wako, mwambie arekebishe, mdai hati mpya yenye marekebisho, na kabla hujakata simu mwambie akusomee alichoandika. Akikusomea kwa Kiingereza, mwambie aanze upya.