Usimfiche Mgonjwa wa Parkinson: Faida ya Vikundi vya Kusaidiana

Mazungumzo kwa wakazi wa kaunti



Katika maboma mengi kuna mzee ambaye siku hizi haonekani barazani, kanisani wala msikitini. Akishika kikombe mkono unatetemeka na chai inamwagika mbele ya watu. Anatembea kwa hatua fupi fupi. Uso wake umekakamaa hata wajukuu wanadhani amekasirika. Majirani wananong'ona kwamba amelogwa, wengine kwamba ni mlevi. Familia inaona haya, na mzee anabaki chumbani.

Huo si uchawi. Huenda ni ugonjwa wa Parkinson, uliopewa jina la daktari Mwingereza, James Parkinson, aliyeueleza mwaka 1817. Seli za ubongo zinazotengeneza kemikali iitwayo dopamini hufa polepole, na mwili hushindwa kusogea vizuri. Hauambukizi. Huwapata zaidi waliopita miaka 60, ingawa wapo wanaoupata kabla ya miaka 50. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu zaidi ya milioni 8.5 duniani walikuwa wakiishi nao.

Dawa ya kuuponya haijapatikana, lakini zipo dawa za kupunguza dalili, hasa levodopa. Shida ni kwamba daktari humwona mgonjwa kwa dakika chache tu, kisha mgonjwa hurudi nyumbani kukaa na ugonjwa huo usiku na mchana. Pengo hilo ndilo linalozibwa na kikundi cha kusaidiana.

Ndani ya kikundi, mgonjwa hukutana na mwenzake anayejua hali hiyo ilivyo. Hujifunza kwamba levodopa humezwa kwa saa zilezile kila siku, na kwamba nyama, maharagwe au maziwa mengi yakiliwa pamoja na dawa yanaweza kupunguza nguvu yake, hivyo amuulize daktari namna ya kupanga milo. Huonywa asiache dawa ghafla, hata pesa zikipungua, kwa sababu ni hatari. Arudi hospitalini mapema aelezwe la kufanya. Huonyeshwa kwamba miguu ikiganda mlangoni, mstari uliochorwa sakafuni humsaidia kuinua hatua. Wanachama hunyoosha viungo pamoja, na huimba pamoja pia, maana ugonjwa huu unaweza kuifanya sauti ififie.

Anayemtunza mgonjwa naye asisahaulike. Mara nyingi ni mke au binti, anayemvisha, kumlisha na kumgeuza kitandani usiku. Naye huchoka na hulia peke yake. Kikundi humpa mahali pa kusema bila kuonekana kwamba amekosa upendo.

Kuanzisha kikundi si kazi kubwa. Familia tatu au nne zinatosha. Muulizeni mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji chenu kama anajua wengine walio na hali hiyo, naye awaombe ruhusa kwanza kabla ya kutaja majina yao. Chagueni mahali pasipo ngazi na penye choo cha karibu. Kutaneni saa ambazo dawa huwa imeshika mwilini. Mwalikeni muuguzi au mtaalamu wa mazoezi ya viungo mara kwa mara. Na yanayosemwa kikundini yabaki kikundini.

Jihadharini na jambo moja. Kikundi hakichukui nafasi ya daktari. Wanachama wasigawane vidonge, na yeyote anayekuja akiuza dawa ya kuponya Parkinson asipewe nafasi.

Tarehe 11 Aprili kila mwaka ni Siku ya Parkinson Duniani, lakini mzee aliye chumbani hana haja ya kuingoja. Wiki hii, mpelekeni kituo cha afya kilicho karibu apimwe, na aandikiwe rufaa ikihitajika. Kisha mtafuteni mwenzake mmoja mwenye hali kama yake, waketi pamoja wanywe chai. Ikimwagika, hapo hakuna atakayeshangaa.