Kanda Nilizozirudisha



Nilipokuwa masomoni Paris, padre mmoja mzee aliniazima kanda za opera, yaani igizo ambalo maneno yake huimbwa. Ilikuwa "Saint François d'Assise", habari za Mtakatifu Fransisko, iliyotungwa na Olivier Messiaen. Mtunzi huyo alikuwa mpiga kinanda wa kanisa la Utatu Mtakatifu mjini humo tangu mwaka 1931 hata kufa kwake mwaka 1992. Opera hiyo ilimchukua miaka minane, ikaonyeshwa mara ya kwanza mwaka 1983. Alisafiri mpaka Assisi, na hata visiwa vya New Caledonia katika Pasifiki, ili kuandika kwa noti sauti za ndege atakaowatia humo.

Nilisikiliza nusu saa tu. Nikasikia vishindo, ndege wanaokatizana, na waimbaji waendao polepole mno. Nikamrudishia mzee kanda zake, nikamwambia, tena bila adabu, kwamba hizo ni kelele. Akazipokea kimya. Nusu saa katika muziki wa saa nne! Nami ndiye niwakemeaye wanaotoka kanisani kabla ya baraka.

Mwaka 2004 opera hiyo ikachezwa katika jumba la Bastille, naye mzee akaninunulia tiketi. Nilikwenda kwa haya, wala si kwa hamu.

Kumbe yale niliyoyaita kelele yalikuwa na wenyewe. Nilimwona mpiga marimba akiinua vijiti vyake, filimbi ikamjibu kutoka upande wa pili, nikatambua kwamba huyu ni ndege mmoja na yule ni mwingine. Na kile kimya ambacho katika kanda nilidhani ni kasoro, mle ukumbini kilikuwa umati mzima uliozuia pumzi.

Lakini lililonishinda ni mkoma. Fransisko anawaogopa wakoma, naye amemwomba Mungu amkutanishe na mmoja wao, amwezeshe kumpenda. Mkoma anaketi akinung'unika, akiwalaumu ndugu wanaomhudumia. Fransisko anamkaribia taratibu, na muziki nao ni taratibu vilevile. Pale kitini niliona uzito katika miguu yangu mwenyewe, kwa maana nilijua kwamba mimi nisingekwenda. Hatimaye anamwomba mgonjwa msamaha kwa kuwa hakumpenda vya kutosha, anamkumbatia, na mkoma aliyetakasika anaanza kucheza. Nililia, ndugu zangu.

Sitawaficha: mahubiri kwa ndege, yanayokaribia robo tatu ya saa, yalinichosha, na hata leo hunichosha.

Kesho yake nilikwenda kumwomba mzee radhi. Hakuniuliza kama nimeupenda muziki. Alifungua kabati, akanipa tena zile kanda. Ya kwanza ilikuwa ingali imesimama palepale nilipoizima, kabla mkoma hajaingia.