Barua ya Mahakama ya Kaunti Isilale Kwenye Droo



Mimi ni muuguzi, si mwanasheria. Lakini katika kazi yangu hapa California nimekutana na Waswahili wenzetu ambao presha imepanda, usingizi umepotea, na ukidadisi sana unaambiwa kuna barua ya mahakama iko kwenye droo, haijafunguliwa. Leo nataka tuizungumzie barua hiyo.

Kwanza tuelewane ni mahakama ipi. California ina kaunti 58, na kila kaunti ina mahakama yake ya kusikiliza kesi, inayoitwa Superior Court. Humo huamuliwa talaka, malezi ya watoto, mirathi, madeni, faini za barabarani, kutolewa kwenye nyumba, hadi kesi za mauaji. Mahakama ya uhamiaji ni nyingine kabisa, iko chini ya Wizara ya Sheria ya serikali kuu. Wengi wetu tunazichanganya hizi mbili, ndiyo maana tunauogopa hata mlango. Mwenye wasiwasi wa makaratasi yake azungumze mapema na wakili au ofisi ya msaada wa kisheria, kwa sababu wakati yeye anaogopa, siku zinahesabiwa.

Na siku zenyewe ni chache. Mwenye nyumba akikushitaki ili utoke, tangu Januari 2025 una siku 10 za kazi za mahakama kujibu tangu ukabidhiwe hati. Kabla ya hapo zilikuwa 5 tu. Usipojibu, anaomba hukumu ya upande mmoja. Jaji hatajua kwamba ulilipa kodi na risiti unayo, wala kwamba bomba lilivuja ukalalamika hakuna aliyekuja. Kinachofuata ni notisi ya sherifu mlangoni, yenye siku 5.

Najua wapo watakaosema mahakama hizi ni za wenye fedha. Hawajakosea sana. Kwenye kesi ya jinai asiye na uwezo hupewa wakili wa serikali, lakini kwenye kesi ya nyumba au deni kwa kawaida hakuna anayekupa wakili, na mwenzako huenda akaja na wake. Pamoja na hayo, zipo huduma ambazo kodi zetu zinazilipia na sisi hatuzitumii.

Moja, kila mahakama ya kaunti ina kituo cha kujisaidia. Watakuonyesha fomu na kukueleza namna ya kuijaza, bure. Hawatakuwa mawakili wako, na wanaweza kumsaidia hata mpinzani wako.

Pili, ada. Anayepata Medi-Cal au CalFresh, au mwenye kipato kidogo, anaweza kuomba asamehewe ada za mahakama.

Tatu, mkalimani. Tangu 2015 sheria imepanua haki ya mkalimani wa bure hadi kesi za madai. Wa Kiswahili hapatikani kirahisi kama wa Kihispania, kwa hiyo omba mapema. Na tafadhali usimpeleke mtoto akutafsirie. Hospitalini tunakataa mtoto kumtafsiria mama yake habari za ugonjwa. Habari za talaka ni nyepesi kuliko hizo?

Nne, mahakama ya madai madogo. Mtu binafsi anaweza kudai hadi dola 12,500, ada ni kati ya dola 30 na 75, na mawakili hawaruhusiwi kukutetea wala kumtetea mwenzako siku ya kusikilizwa. Niliongozana na dada mmoja wa kwetu ambaye mwenye nyumba alikaa na dipoziti yake, wakati sheria inampa siku 21 kuirudisha au kueleza kwa maandishi alichokata. Alikwenda na picha za nyumba ilivyokuwa safi, na mkataba. Alishinda. Lakini mjue, mahakama haikukusanyii fedha. Ilimbidi afuatilie hadi alipwe, na anayefungua dai akishindwa hana rufaa.

Ndugu zetu wa nyumbani, mambo haya hayapo ughaibuni peke yake. Kenya ilianzisha Mahakama ya Madai Madogo Milimani mwaka 2021, kwa madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na sheria inataka yaamuliwe ndani ya siku 60. Tanzania, mwaka huohuo, ilibadili sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama, Kiingereza kikibaki kwa sababu maalum. Ulizeni kama katika wilaya yenu hayo yanatekelezwa, na kama yupo wa kumsaidia bibi wa shamba kujaza fomu.

Mwenyekiti, chama chetu huchanga kwa misiba, na vizuri. Naomba tuongeze jambo moja lisilo na gharama. Tuteue watu wawili wanaosoma Kiingereza vizuri, wakae hapa Jumamosi moja kila mwezi, na namba zao za simu tuwe nazo sote, kwa sababu siku 10 hazisubiri Jumamosi. Mwenye barua aje nayo, isomwe, tarehe ya mwisho izungushiwe kalamu nyekundu, na apelekwe kituo cha kujisaidia. Mimi najitolea kuwa wa kwanza. Nani atakuwa wa pili?