Tusingoje Maumivu

Leo tuzungumze juu ya saratani ya mlango wa kizazi.

Akina mama wengi hufika hospitali ya Ocean Road wamechelewa. Kwa nini? Walingoja maumivu. Ugonjwa huu huanza kimya kimya, miaka mingi kabla.

Kupima je? Muuguzi hupaka maji ya siki kwenye mlango wa kizazi. Pakigeuka peupe, huenda pana mabadiliko. Yakitibiwa mapema, hayafiki kuwa saratani.

Na binti zetu? Tangu 2018 wanachanjwa kuzuia virusi vinavyoleta ugonjwa huu. Tangu 2024 ni sindano moja tu.

Akina baba, msiwazuie, toeni nauli. Mama aende kupima angali mzima.