Uji wa Mtama na Matunda kwa Watoto Wetu

Leo twataka kunena nanyi juu ya jambo dogo lipitalo kila nyumba kila siku, nalo ni chakula cha asubuhi cha watoto. Huenda mtu akasema, Je, hilo nalo lahitaji mwalimu? Nasi tungalisema vivyo hivyo, kama tusingalimwona mtoto akianguka mstarini.

Ilikuwa asubuhi ya mwezi wa Novemba, wakati wa korosho, pale Madimba. Watoto walikuwa wamejipanga mbele ya shule, mara mmoja wao, binti wa darasa la tatu, akalegea magoti akaenda chini. Tukambeba hata kivulini, tukampa maji. Alipozinduka tukamwuliza, "Umekula nini leo, mwanangu?" Akajibu, "Chai, mwalimu." "Chai na nini?" "Chai na sukari." Mama yake alikuwa ameondoka alfajiri kwenda kuokota korosho, na bibi yake aliyebaki nyumbani hakuweza tena kuinama mekoni. Lakini lililotuuma zaidi ni hili: njia aliyoipita mtoto yule kuja shuleni ilikuwa imejaa mabibo, mekundu na ya manjano, yameanguka chini ya mikorosho yakiliwa na nzi.

Siku hizi watu wenye nafasi huwanunulia watoto wao oti ya dukani, wakaipika uji na kuikatia matunda juu yake. Hatuna neno juu ya oti. Ni nafaka njema, na wataalamu wamethibitisha ya kuwa ule utelezi wake husaidia kupunguza mafuta mabaya katika damu. Lakini oti ni nafaka ya nchi za baridi. Oti haioti kwetu. Mtu wa Madimba akiingojea imfikie kutoka ng'ambo, kwa bei ya huko, watoto wake watakunywa chai na sukari mpaka wamalize shule.

Basi tuwape habari ya mtu aliyekitia sifa chakula hicho cha oti na matunda. Aliitwa Maximilian Bircher-Benner, daktari wa mji wa Zürich katika nchi ya Uswisi. Yapata mwaka 1900 alianza kuwapa wagonjwa wake chakula cha namna hii: tufaha kubwa moja, likwaruzwe pamoja na ganda lake, kijiko kimoja tu cha oti, iliyolowekwa majini tangu jana yake, maji ya nusu limau, kijiko cha maziwa ya kopo, na kijiko cha lozi au njugu zilizosagwa. Angalieni vipimo vyake. Watu wengi hudhani ya kuwa sifa ya chakula kile ni oti, kumbe oti ilikuwa kijiko kimoja, na tunda ndilo lililojaza sahani. Naye hakuagiza tunda la mbali. Tufaha ndilo lililokuwa likizaa kwao.

Tukimfuata daktari huyo kwa akili, wala si kwa kuiga, twaona kwetu hapakosekani kitu hata kimoja. Badala ya oti tuna mtama, na ulezi uletwao sokoni kutoka Songea. Badala ya tufaha tuna papai, embe, ndizi, bibo na ubuyu. Malimau yapo. Na badala ya lozi tuna korosho, ambayo watu wa Ulaya wenyewe huinunua kwetu.

Sasa, kwa nini tunda liingie katika uji, lisiliwe tu mtoto anapolikuta njiani? Hapa ndipo penye maana ya maneno yetu yote. Nafaka kama mtama ina madini ya chuma, ambayo mwili huyatumia kutengeneza damu. Lakini chuma hicho kimefungwa ndani ya nafaka, na sehemu kubwa yake hupita tumboni bila kuufaa mwili. Vitamini C iliyomo katika matunda hukifungua, mwili ukaweza kukitwaa; lakini sharti viwili hivi vikutane tumboni kwa wakati mmoja, yaani katika mlo mmoja. Chai nayo hufanya kinyume: ile rangi yake hukamata chuma na kukizuia. Basi mtoto anywaye chai pamoja na uji wake amepewa kwa mkono wa kuume na kunyang'anywa kwa mkono wa kushoto. Chai si haramu, ila ingoje saa moja au mbili baada ya chakula.

Wengine watatuuliza juu ya uji wa muhogo, kwa kuwa muhogo ndio chakula chetu. Muhogo hushibisha, lakini una protini kidogo mno, na ule mchungu una sumu isiyotoka kwa haraka. Miaka ya 2002 na 2003, wakati wa ukame, watu wa mkoa wetu wa Mtwara walipatwa na ugonjwa uitwao konzo: miguu ya mtu hukakamaa ghafula, wala haiponi tena. Huwashika hasa watoto na wanawake. Chanzo chake ni makopa ya muhogo mchungu yaliyotengenezwa kwa haraka kwa sababu ya njaa, yakaliwa siku baada ya siku bila kitoweo cha kuupa mwili nguvu ya kuishinda sumu. Kwa hiyo aliye na unga wa muhogo mchungu, na aulowanishe kwa maji, autandaze juu ya mkeka usizidi unene wa kidole, muda wa saa mbili juani au saa tano kivulini, kisha aupike siku ile ile. Hata hivyo, kwa chakula cha mtoto cha asubuhi sisi twachagua mtama.

Haya, tuingie jikoni. Tangu mwaka 2015 Madimba pana mtambo mkubwa wa kusafisha gesi, nayo gesi hupita katika bomba mpaka Dar es Salaam. Lakini nyumba nyingi za vijijini bado hupikia kuni, nasi tutanena habari za kuni.

Kazi huanza jioni. Kwa watu watano, twaa kikombe kimoja cha unga wa mtama usiokobolewa sana, uukoroge katika vikombe viwili vya maji safi, ufunike, uache mpaka asubuhi. Utachachuka kidogo, na uchachu huo ni mzuri. Kazi hii mpe mtoto wa miaka sita au saba. Atamwaga unga kidogo, haidhuru. Asubuhi atakimbilia kufunua chungu aone unga wake umekuwaje, na mtoto aliyekwisha kukimbilia chungu hahitaji kubembelezwa kula.

Asubuhi chemsha vikombe vinne vya maji, umimine ule unga uliolowekwa huku ukikoroga. Kazi ya mwiko na moto ni ya mtoto mkubwa, naye asimamiwe. Wadogo wakae mbali na mafiga. Hapo wavulana husema ya kuwa kupika ni kazi ya wasichana. Sisi hatuyakubali maneno hayo. Baharia hupika chomboni, na mvulana atakayesoma mbali na kwao atajipikia. Mpe mwiko. Uji utokote robo saa au zaidi kidogo, kisha utie nusu kikombe cha tui la nazi na konzi moja ya korosho zilizokaangwa na kutwangwa. Kwa watoto wadogo korosho zitwangwe ziwe kama unga, maana kipande kizima huweza kuwapalia. Usipokuwa na korosho tumia karanga, lakini zile zenye ukungu tupa. Usiwape hata kuku. Sumukuvu ya nafaka ilileta maafa katika Dodoma na Manyara mwaka 2016.

Wakati uji uko motoni, wadogo wanawe mikono kwa sabuni, waoshe matunda, nao wenye umri wa kushika kisu wakate. Epua chungu kwanza, ndipo utie matunda. Watu wengi hukosea hapa. Huyapika matunda pamoja na uji, na moto ukaiharibu ile vitamini tuliyokuwa tukiitafuta. Kwa chungu kile vipande vya papai vijae bakuli moja kubwa, na kukamuliwe limau moja. Ndizi iliyoiva ikiwamo, sukari haina kazi.

Kwa mtoto mdogo aliyeanza kula, ambaye tumbo lake halichukui uji mwingi, fanyeni kimea. Loweka ulezi usiku mmoja, uufunge katika kitambaa chenye unyevu siku mbili hata uchipue, uanike, uyafikiche machipukizi yatoke, usage. Pika uji mzito, uache upoe kidogo, ukoroge kijiko kimoja cha unga wa kimea, nao utalainika mbele ya macho yako pasipo kuongezwa maji. Kisha uchemshe tena. Hivyo mtoto hupata chakula kingi katika vijiko vichache. Akina bibi waliokuwa wakipika togwa walikijua kimea zamani sana, na Taasisi ya Chakula na Lishe, iliyoanzishwa mwaka 1973, ilikipeleka katika uji wa watoto.

Tumelibakiza bibo, nalo ndilo lililotuleta hapa. Tulipowaambia watoto wa darasa letu ya kuwa tutalitia bibo katika uji, mmoja akacheka, akasema, "Mwalimu, bibo ni la kupikia uraka!" Hakukosea. Wengi wetu twaliona bibo kuwa ni la pombe, na hata likikaushwa likawa kochoko, mara nyingi ni pombe inayongojewa. Walakini bibo lina vitamini C kulipita chungwa mara kadhaa. Kasoro yake ni ukakasi ule ushikao koo. Twaa mabibo yaliyoanguka asubuhi ile, yasiyopasuka. Uyaondoe korosho zake, uyaoshe, uyakate vipande vyembamba, uyatie katika maji ya chumvi yanayotokota kwa dakika chache, uyasuuze. Vitamini kidogo itapotea, lakini ukakasi utapungua, na watoto watakula. Sisi tulijaribu kwanza bila chumvi wala moto, na darasa zima likakohoa.

Ila mambo mawili. Maji ya bibo yakiigusa shati nyeupe ya shule, doa halitoki. Basi kazi hii ifanywe kabla ya kuvaa sare. Na la pili ni kubwa zaidi: ganda la korosho mbichi lina mafuta makali yaunguzayo midomo na vidole, kwa hiyo mtoto asiling'ate wala asilibanje. Kubangua na kukaanga korosho kuwe kazi ya mtu mzima.

Mabibo yakiisha huja embe, na embe zikiisha pana ubuyu, ambao kwa kuwa ni mkavu hukaa miezi mingi katika kopo. Kijiko kimoja kikorogwe katika uji ulioepuliwa. Papai halina msimu. Tuliwapa watoto mbegu za papai lile lile walilolila, wakazipanda nyuma ya jiko, mahali panapomwagwa maji ya kuoshea vyombo. Kila mtoto alipanda mbegu nne au tano, kwa sababu mipapai mingine ni midume, haizai. Binti yule aliyeanguka mstarini alipanda tano, mitatu ikawa mijike, na kabla ya mwaka kupita akatuletea papai la kwanza, limefungwa katika kanga ya bibi yake.