Kabla ya Kubonyeza "Nunua"

Msikilizaji, maduka ya mtandaoni ni kama rundo la mitumba: cha maana kimelaliwa na makorokoro.

Kitabu hakisumbui sana. Tafuta namba ya ISBN, yenye tarakimu 13 tangu 2007. Kila toleo lina yake, hivyo ukitaka Peponi, tafsiri ya Paradise ya Abdulrazak Gurnah, hutaletewa ya Kiingereza.

Filamu ndiyo yenye mtego. DVD nyingi hufungwa kwa kanda: Marekani ni 1, Uingereza 2, sisi Afrika Mashariki 5. Ukiagiza ya kanda 1, deki ya kanda 5 itaikataa, hata ungeipata kwa bei ya karanga. Kanda huandikwa nyuma ya kasha, ndani ya alama ya tufe. Picha haionyeshi nyuma? Mwombe muuzaji apige nyingine.