Gari Ni Nyumba: Kulinda Vani ya Kulala Ndani Dhidi ya Wezi

Mazungumzo kwa wenye magari, madereva na walinzi wa maegesho, Kaunti ya Nakuru



Vani ya kulala ndani haimshangazi mtu tena katika barabara ya kwenda Naivasha au langoni mwa Ziwa Nakuru. Nyingine ni kombi kuukuu za Volkswagen. Nyingine ni Toyota HiAce au Nissan zilizobeba abiria kwa miaka mingi, kisha fundi akang'oa viti na kuweka kitanda, jiko la gesi, betri ya pili na taa. Mwenye nayo huitumia na jamaa zake wikendi, au huikodisha kwa wageni wanaokwenda Hell's Gate. Ni mali ya thamani, lakini ina udhaifu ambao gari la kawaida halina: kila kitu kiko mahali pamoja. Aliyeibiwa gari dogo amepoteza gari. Aliyeibiwa vani ya kulala ndani amepoteza gari, matandiko, simu, pesa, pasipoti, na mara nyingi hata logibuku iliyokuwa kwenye droo chini ya godoro.

Hapo ndipo pa kuanzia, na hapagharimu hata shilingi. Logibuku haina kazi ndani ya gari. Mahali pake ni nyumbani, chini ya kufuli. Ufunguo wa akiba vilevile. Wapo wanaoufunga kwa sumaku nyuma ya bamba au kuuficha juu ya gurudumu wakidhani ni siri, ilhali mwizi mzoefu hupapasa hapo kwanza. Na aliyenunua vani iliyotumika ajue kwamba hajui funguo zake ziko ngapi mikononi mwa watu. Kubadilisha vitasa vya milango ni gharama ndogo kuliko kununua gari mara ya pili.

Wezi wa magari haya ni wa aina mbili. Wa kwanza anataka vitu vilivyomo. Huyu hahitaji ujuzi: anavunja kioo kidogo cha pembeni au anasukuma mlango wa kuteleza ambao kitasa chake kimelika, na amekwisha ondoka kabla mlinzi hajageuka. Dawa yake ni kumchelewesha na kumpigisha kelele. Komeo la chuma kwenye mlango wa kuteleza na jingine kwenye mlango wa nyuma, lenye kufuli linaloonekana kwa mbali, humfanya wengi wao apite kwenda kwa jirani. Kuegesha nyuma ya gari ikiwa karibu na ukuta huufanya mlango wa nyuma usifunguke kabisa, hata kufuli likivunjwa. Kipaza sauti cha alamu kifungwe mahali ambapo mkono hauwezi kufika kutoka chini ya boneti.

Kuna jambo moja ambalo mafundi wengine hulisahau. Komeo la mlango lazima lifunguke kutoka ndani bila ufunguo wakati watu wamelala. Ndani mna mtungi wa gesi na matandiko. Moto ukizuka, anayetafuta ufunguo gizani hana muda. Na yule anayeziba kila tundu kwa kuogopa wezi, kisha akaingiza jiko la mkaa ili apate joto usiku wa Naivasha, amejiweka katika hatari kubwa kuliko mwizi. Hewa ya sumu inayotoka kwenye mkaa haina harufu, na aliyelala haamki.

Mjini, mchana, kuna ujanja mwingine wa bei rahisi. Mwizi husimama karibu na kifaa kinachovuruga mawimbi ya rimoti. Dereva anabonyeza kitufe, anaondoka, na gari halikujifunga. Anayeshika kitasa na kuvuta mlango kabla ya kuondoka hawezi kunaswa kwa njia hii. Inafaa pia kukumbuka kwamba ada ya maegesho hulipia nafasi ya kuegesha. Katiba ya mwaka 2010 imeiachia serikali ya kaunti maegesho na taa za barabarani, lakini polisi wako chini ya serikali ya kitaifa. Anayetoa risiti ya maegesho si mlinzi wa godoro la mtu. (Wale wa ndani ya mbuga ya Ziwa Nakuru wana mwizi wao wa pekee: nyani. Huyo huingia kwa dirisha lililoachwa wazi na hana habari na alamu.)

Mwizi wa pili anataka vani yenyewe, na kwake kufuli la mlangoni ni la kumchelewesha tu. Kinachomkwamisha ni vitu viwili vikifanya kazi pamoja. Cha kwanza ni swichi ya siri inayokata umeme wa pampu ya mafuta. Injini huwaka, gari hutembea kidogo kwa mafuta yaliyobaki kwenye mpira, kisha huzima barabarani, na mwizi hudhani amechukua gari bovu. Fundi wa umeme wa magari aliye makini huifunga, na ni mwenye gari peke yake anayepaswa kujua ilipo. Swichi inayozimwa kwa simu kutoka mbali ni hadithi nyingine: ikizima injini gari likiwa mwendoni, usukani na breki huwa vizito ghafla, na anayeumia anaweza kuwa mtu aliyekuwa akivuka barabara.

Cha pili ni kifaa cha kufuatilia gari, na hapa pesa nyingi hupotea bure. Kifaa hiki husoma mahali kilipo kutoka kwa setilaiti, kisha hutuma habari hiyo kwa laini ya simu iliyo ndani yake. Laini isiyo na bando ni bubu. Pasipo na mtandao wa simu, kifaa hunyamaza hadi gari litoke huko. Vifaa vingi vya bei nafuu hutoka kiwandani vikiwa na nambari ya siri 123456, na ambaye hakuibadilisha amempa kila mtu uwezo wa kujua gari lilipo. Kilicho bora kina betri yake ndogo, ili mwizi akitoa betri ya gari kiendelee kutuma. Mwenye gari akijaribu mara moja kwa mwezi, kwa kutazama kama ramani inaonyesha gari lilipo kweli, atajua mapema kwamba laini imekufa. Wengi hujua siku gari limekwenda.

Kwa wanaokodisha, mwizi huja mchana akiwa na tabasamu na kitambulisho. Analipa siku tatu, kisha vani inawekwa rehani kwa mkopeshaji au inauzwa kwa logibuku ya kughushi. Hakuna kioo kilichovunjwa. Mwenye vani asikubali picha ya kitambulisho iliyotumwa kwa simu. Aone kitambulisho chenyewe na leseni, apige picha ya mteja akiwa na gari, na mkataba utaje siku na saa ya kurudisha. Muda ukipita na simu haishikwi, ni siku hiyo hiyo ya kwenda kituoni. Kungoja wiki nzima kwa aibu humpa mwizi wiki nzima. Naye anayenunua gari atazame rekodi zake za usajili kwa NTSA kupitia eCitizen kabla ya kutoa pesa, na alinganishe nambari ya chasi na ya injini kwa macho yake. Karatasi inayoonyeshwa na muuzaji haitoshi.

Vioo vya pembeni, taa, magurudumu na betri za sola havisafiri mbali. Vinauzwa katika maduka ya vipuri vilivyotumika, na wanunuzi ni watu wenye magari kama hayo. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 278A, humfunga aliyeiba gari hadi miaka 7. Kifungu cha 322 humfunga hadi miaka 14 anayepokea mali ya wizi akijua, au akiwa na sababu ya kuamini, kwamba imeibwa. Maana yake anayenunua kioo kwa bei ya kutupa kutoka kwa kijana asiye na duka anaweza kupata kifungo kirefu kuliko aliyekivunja. Kuchora nambari ya usajili kwenye vioo na taa, kama ambavyo madereva wengi wa Kenya wamezoea, hupunguza bei yake sokoni na humsaidia polisi kuvirudisha kwa mwenyewe.

Gari likiibwa, nambari za dharura ni 999 na 112. Wakati huo polisi watahitaji nambari ya usajili, ya chasi na ya injini, rangi, na alama yoyote ya pekee: kibandiko, mkwaruzo, rafu ya mbao iliyojengwa na fundi. Mwenye gari ambaye picha hizo ziko kwenye simu iliyoibwa pamoja na gari hana la kuonyesha, kwa hiyo nakala ikae kwa mtu wa nyumbani. Ripoti iandikwe kituoni, nambari ya OB ichukuliwe, kisha abstrakti ya polisi kwa ajili ya bima. Bima ya lazima, ile ya wahusika wengine, hailipi gari lililoibwa. Bima kamili hulipa. Hata bima kamili ina masharti. Vani iliyoandikwa kuwa ya matumizi binafsi, kisha ikaibwa ikiwa imekodishwa, inaweza kukataliwa fidia. Kitanda, betri ya pili na sola ambavyo havikutajwa wakati wa kukata bima huenda visihesabiwe katika malipo, kwa hiyo vitajwe kwa maandishi, na risiti za fundi zihifadhiwe nyumbani pamoja na logibuku.